Jinsi ya Kukagua Hariri ya Kwanza ya Mwanzo wa Filamu ya Noir

Mwanafunzi akikuletea mwanzo wa filamu yake ya taharuki, dakika mbili hivi za nyeusi na nyeupe, mvua inanyesha, mtu kavaa kofia ya pama, maneno ya kwanza yatakayokujia mdomoni ni "taa umezipatia" au "pana giza mno". Yote mawili yanaweza kuwa kweli na bado yasimsaidie. Katika hatua hii swali kubwa ni moja: mtazamaji anapewa habari gani, anafichwa gani, na kwa mpangilio upi? Noir, yaani filamu za uhalifu zilizojaa vivuli na mashaka, inasimama juu ya swali hilo. Giza lake ni mahali pa kufichia habari. Kivuli kisichoficha chochote ni upungufu wa taa tu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanafunzi mwenzake au yeyote aliyeombwa maoni. Nachukulia kwamba shoti zote, yaani vipande vya picha vilivyopigwa bila kukatizwa, zimeshapigwa na kupangwa, ila sauti, muziki na rangi bado vinafanyiwa kazi.

Hatua ya 1: Uliza machache kabla ya kubofya

Usiulize filamu inahusu nini. Ukishasimuliwa, macho ya mtazamaji wa mara ya kwanza yamekutoka na hayarudi. Uliza hariri imefika wapi: muziki huu ni wa kuzibia tu au ndio wenyewe? Rangi zimeshaguswa? Uliza pia kazi inakabidhiwa lini, ina ukomo wa muda gani, na kama kuna uwezekano wa kupiga shoti upya. Hilo la mwisho ndilo litakaloamua aina ya maoni yako. Ikiwa kamera imesharudishwa na mwigizaji ameshanyoa ndevu, kumwambia mtu "hapa ungepiga kutokea juu" ni kumpa huzuni bure.

Hatua ya 2: Tazama mara moja, bila kusimamisha

Tumia skrini kubwa kiasi, chumba chenye mwanga hafifu, na vipokea sauti vya masikioni. Ukitazama kwenye simu mchana kweupe utaona nusu ya picha tu, kisha utamlaumu mwanafunzi kwa kosa la dirisha lako. Weka kalamu chini. Tazama kuanzia mwanzo hadi mwisho kama mtu aliyelipa kiingilio.

Ikiisha, kabla hujasema neno, andika majibu ya haraka: Huyu ni nani? Anataka nini? Hatari inatokea wapi? Ni swali gani sasa ninataka lijibiwe? Na ni sekunde zipi ambapo mawazo yangu yalitoka nje ya filamu?

Andika ulichoelewa hata kama una wasiwasi kwamba umeelewa vibaya. Ukidhani mwanamke aliyepita kwenye ngazi ni mke wa mhusika, kumbe ni mtu anayemfuatilia, dhana yako hiyo ni habari muhimu kwa mhariri. Atakuambia baadaye kama alikusudia udhani hivyo. Katika noir ni halali mtazamaji apotoshwe makusudi. Kinachoua filamu ni mtazamaji asiyejua hata ashuku nini.

Hatua ya 3: Orodhesha shoti moja moja

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wakaguzi wengi huruka. Rudia video, safari hii ukisimamisha kila mkato, yaani pale shoti moja inapoishia na nyingine kuanza. Chora safu tatu: muda, kinachoonekana, na kitu ninachokijua sasa ambacho sekunde chache zilizopita sikukijua. Safu ya tatu ndiyo unayoitafuta. Ikiwa shoti tatu zinafuatana na safu hiyo ni tupu, umeshapata mahali pa kukata.

Tuchukue mfano. Mwanamume wa makamo anatembea kwenye korido. Anafika mlangoni, anageuka nyuma, uso umejaa hofu na jasho. Mkono unatoa ufunguo. Mlango unafunguka. Mezani pana bahasha. Anaifungua: ndani mna picha yake mwenyewe, imepigwa kutoka mbali, kupitia dirishani. Simu inaita. Sauti ya msimulizi inasema: "Usiku ule nilikuta bahasha yenye picha yangu. Niliogopa sana."

Si mwanzo mbaya hata kidogo. Sasa jaza safu.

Korido imechukua shoti nne, sekunde ishirini na kitu, na safu ya tatu ina mstari mmoja: mtu anakwenda mahali. Usikimbilie kusema korido ni ndefu. *D.O.A.* ya mwaka 1950 inaanza na mtu anayetembea ndani ya jengo la polisi, kamera iko mgongoni mwake, majina ya waigizaji na watengenezaji yanapita juu ya picha, na matembezi yanachukua muda wake. Lakini urefu ule unalipwa: mtu huyo anafika kwa mpelelezi kuripoti mauaji, na aliyeuawa ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwanafunzi ni hili: korido yako inalipwa na nini? Kama jibu ni "inajenga hali", mwambie achague shoti moja kati ya nne, ile yenye kivuli kinachotangulia mwili au taa inayokatika, aiache ipumue, na zile tatu azitoe.

Halafu hofu. Mhusika wetu ameogopa mlangoni, kabla hajaona bahasha. Basi bahasha haina tena kazi ya kufanya, kwani uso umeshafika kileleni. Kuna njia mbili. Ama kuna kitu kilichomtisha kwenye korido, nasi tukisikie pia, mathalani nyayo zinazosimama anaposimama. Au shoti ile ya uso imekaa mahali pasipo pake. Mwambie ajaribu kuing'oa mlangoni na kuipachika baada ya picha. Majaribio ya mwongozaji Lev Kuleshov kule Urusi ya Kisovieti yalionyesha kwamba mtazamaji husoma uso kwa kuangalia kilichowekwa jirani nao. Sura ileile ikifuata sahani ya chakula inaonekana ya njaa, ikifuata jeneza inaonekana ya majonzi. Mhariri wa noir anaishi kwa siri hiyo. Tatizo litakuwa mwanga, maana korido na chumba havifanani. Hata hivyo shoti ya karibu yenye nyuma nyeusi husamehe mengi, na wakati mwingine anaweza kuikuza picha kidogo ili ukuta wa korido utoke nje kabisa.

Sasa picha iliyomo ndani ya bahasha. Imekaa kwenye skrini fremu ishirini, yaani picha tuli ishirini kati ya zile zinazounda video. Kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde, hiyo haifiki hata sekunde moja. Katika muda huo mtazamaji anatakiwa atambue mambo matatu: kwamba ni picha, kwamba aliyemo ni mhusika huyuhuyu, na kwamba mpigaji alikuwa amejificha nje ya dirisha. Haiwezekani. Mwanafunzi haoni tatizo kwa sababu ameitazama shoti hiyo wiki nzima na anaitambua ikiwa bado haijafunguka vizuri. Hili ni kosa la kawaida mno kwenye hariri za kwanza, ndiyo sababu kila barua, picha, saa au kichwa cha gazeti kinachoonekana kwenye mwanzo wa filamu ukipime mwenyewe. Kama ni maandishi, yasome kwa sauti bila haraka mara mbili. Kama hukumaliza, yaongezewe muda.

Simu ni nzuri. Ila inaita wakati tayari tunaitazama simu, kwa hiyo haimshtui mtu. Mlio uanze tukiwa bado kwenye picha, sekunde moja kabla ya mkato, kisha ndipo tukatie kwenye simu. Sauti ikiitangulia picha, mtazamaji anageuka pamoja na mhusika.

Jambo moja kuhusu kuficha. Wanafunzi wengi wanadhani taharuki ni kuficha kila kitu hadi mwisho. *Double Indemnity* ya mwaka 1944 inafanya kinyume: mapema kabisa mtu anaingia ofisini usiku, anakaa mbele ya mashine ya kurekodi sauti na kukiri kwamba ameua. Swali la "nani" limekwisha, na filamu nzima inakimbia kwa "kwa nini" na "ilikuwaje". Kwa hiyo ukiona mwanzo unaficha uso, jina, mahali, sababu na hata jinsia ya mtu aliyepiga simu, shauri akitoe kimoja. Mtazamaji anahitaji kitu cha kushika ili aone kwamba vingine vimefichwa.

Hatua ya 4: Zima sauti, kisha funga macho

Tazama tena bila sauti yoyote. Hadithi ikieleweka kwa picha peke yake, msingi upo. Kisha geuza: sikiliza bila kutazama.

Anza na sauti ya msimulizi, kwa sababu noir ya mwanafunzi bila msimulizi ni adimu. Soma kila sentensi ya msimulizi kando ya safu yako ya pili. Ikiwa inasema kile ambacho picha imeshakionyesha, haina kazi. "Nilikuta bahasha yenye picha yangu, niliogopa sana" ni maelezo ya kitu tunachokiona. Ungemwomba aandike sentensi ambayo kamera haiwezi kuipiga, mathalani: "Mtu mmoja tu alijua ninakaa hapa, na nilimzika mwenyewe." Sasa picha inasema jambo moja, sauti inasema jingine, na taharuki inazaliwa katikati. Kurekodi upya sentensi mbili ni kazi ya dakika kumi, kwa hiyo usione haya kuipendekeza.

Muziki huwa umewashwa sekunde ya kwanza na kuzimwa sekunde ya mwisho, piano ya huzuni au saksafoni, na unafunika kila kitu. Mwambie auzime wote na atazame kwanza.

Kuna mfano mmoja ninaopenda kuwasimulia wanafunzi, kwa kuwa wenyewe ni kisa cha ukaguzi wa hariri. *Touch of Evil*, filamu ya mwongozaji Orson Welles ya mwaka 1958, inafunguka na shoti moja isiyokatwa ya zaidi ya dakika tatu: bomu linawekwa kwenye gari, na gari linapita mitaani katikati ya watu. Studio ilihariri filamu bila yeye. Mwaka 1957 Welles alipoonyeshwa toleo lao aliandika maoni ya kurasa 58. Filamu ilitoka na majina yakiwa juu ya shoti hiyo na muziki wa Henry Mancini ukiifuata. Mwaka 1998 mhariri wa filamu Walter Murch aliihariri upya kwa kufuata kurasa zile: majina yakaondolewa juu ya shoti, na badala ya ule muziki mmoja zikasikika sauti za mtaa, redio ya gari na miziki inayotoka milangoni mwa kumbi kadiri gari linavyopita. Picha ni zilezile. Ila sasa masikio yako yanalitafuta gari lenye bomu, maana kila redio inayosogea inaweza kuwa ndilo.

Jaribio hilo linawezekana kwa mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta. Muziki ukizimwa mtasikia pia kasoro zilizokuwa zimejificha: kila mkato unakuja na mvumo wake, hapa feni, pale barabara, hapa kimya cha ghafla. Dawa yake ni sauti ya chumba kitupu, iliyorekodiwa mfululizo, inayolazwa chini ya mikato yote. Kama hakuirekodi siku ya kazi, arudi mahali palepale na simu yake arekodi dakika mbili za ukimya. Muziki ukirudishwa, uingie mahali penye sababu. Kwenye mfano wetu ningeuingiza baada ya simu kupokewa, na si mapema zaidi.

Hatua ya 5: Kagua giza lenyewe

Simamisha video kwenye fremu tano au sita, popote. Kwa kila fremu jiulize jicho limekwenda wapi kwanza. Jicho hukimbilia penye mwanga zaidi. Kama sehemu inayong'aa kuliko zote ni swichi ya ukutani wakati mhusika yuko pembeni, mkato unaofuata utamkuta mtazamaji anaangalia swichi.

Umbo jeusi lazima lisomeke. Mtu aliye gizani mbele ya ukuta mweusi amepotea; mtu aliye gizani mbele ya ukuta wenye mwanga kidogo, au ukungu, au moshi, anatisha. Ikiwa shoti imepotea, isiokolewe kwa nguvu. Kuinua mwanga wa video iliyopigwa gizani huleta chenga, yaani vidoadoa vinavyochezacheza kwenye picha, na chenga za kidijitali zinaonekana kama kosa. Afadhali ifupishwe, au ibaki nyeusi kabisa na sauti ifanye kazi.

Usimalize saa nzima hapa, kwani rangi hurekebishwa mikato ikishatulia. Itoshe kumtahadharisha kwamba kuondoa rangi kwa kitufe kimoja kwa kawaida huacha picha ya kijivukijivu: koti jekundu na ukuta wa kijani vinaweza kugeuka kijivu kilekile. Programu nyingi za uhariri zinaruhusu kuamua kila rangi iwe nyepesi au nzito kiasi gani katika nyeusi na nyeupe. Huko ndiko aende baadaye.

Angalia mwendelezo wa vivuli. Ile mistari maarufu ya pazia la vipande ikiwa usoni kwenye shoti pana, isitoweke kwenye shoti ya karibu na kurudi tena. Na sigara! Sigara inayorefuka kadiri mtu anavyovuta ni burudani ya wakaguzi tangu zamani.

Kuhusu kofia, sigara na mistari hiyo: jaribu kuviondoa kichwani mwako. Je, amebaki mtu aliyebanwa na jambo alilolifanya mwenyewe au anayeshawishika kulifanya? Wahakiki wa Ufaransa walipoanza kuziita filamu za Marekani kwa jina hili mwaka 1946, waliozitengeneza wengi walidhani wanatengeneza tamthilia za uhalifu tu; hakukuwa na orodha ya mavazi ya kufuata. Kama baada ya kuondoa mapambo hakibaki kitu, mwambie kwa upole, lakini mwambie.

Hatua ya 6: Mikato

Pita haraka. Watu wawili wanaozungumza waangalie pande zinazokutana, kamera isivuke mstari wa kuwaza unaowaunganisha bila sababu. Tendo likatiwe likiwa linaendelea, mathalani mkono ukiwa safarini kuelekea kitasa. Shoti mbili za ukubwa mmoja kutoka pembe ileile zikifuatana huonekana kama video imeruka.

Makosa haya ni rahisi kuyaona, ndiyo maana wakaguzi hujaza ukurasa mzima nayo. Murch, akipanga vigezo vya mkato mzuri, aliipa hisia asilimia 51 na mwendelezo wa nafasi asilimia 4 tu. Hesabu hizo ni za mzaha kiasi, ila kipaumbele chake ni cha kweli. Kosa la mwendelezo ambalo hukuliona ulipotazama mara ya kwanza liache mwisho wa orodha, au liache kabisa.

Hatua ya 7: Majina

Yanasomeka? Yamekaa muda wa kutosha? Hayajafunika uso au kitu muhimu? Jina lisije sekunde ambayo picha inatoa habari kubwa, maana jicho litasoma. Mwandiko unaodondosha damu uondoke.

Hatua ya 8: Andika maoni

Anza na yale uliyoyaandika katika hatua ya 2, bila kuyapamba. Mwanafunzi akisoma "nilidhani anarudi nyumbani kwake, na sikujua aliyemo kwenye picha ni nani" ameshapata nusu ya maoni. Kisha mambo makubwa, yasizidi matatu. Mwisho orodha ya madogo, kila moja na dakika na sekunde zake.

Kila jambo kubwa liandike kwa mpangilio huu: nini kilinitokea, nadhani kimesababishwa na nini, jaribio gani lifanyike. Linganisha:

"Sehemu ya bahasha haina mvuto, ibadilishe."

"0:41. Nilipoona bahasha sikushtuka. Nadhani ni kwa kuwa uso ulishaogopa tangu 0:29. Jaribu kuuhamishia baada ya picha, halafu tuone."

La kwanza linamwacha mtu akikuna kichwa. La pili anaweza kulifanyia kazi usiku huohuo, na asipokubaliana na dawa yako bado anaujua ugonjwa.

Taja pia kinachofanya kazi, kwa sekunde zake, ili asije akakifuta wakati anarekebisha vingine. Usiifungue faili ukaihariri mwenyewe hata ukiwa na programu hiyohiyo. Na msisitize atunze nakala ya hariri ya zamani, na mpya aipe jina jipya. Majaribio mengine hushindwa, na ni vizuri kuwa na pa kurudi.

Hatua ya 9: Toleo la pili

Wewe sasa unajua kilichomo ndani ya bahasha, kwa hiyo huwezi tena kupima taharuki. Mtafute mtu ambaye hajaiona, mwonyeshe mara moja, mwulize maswali yale matano ya hatua ya 2. Kazi yako wewe ni kujaza safu ya tatu upya na kuilinganisha na ya kwanza, na kuangalia kama urefu bado uko ndani ya ukomo, kwa sababu sekunde zilizoongezwa kwenye picha na simu lazima zitoke mahali, na korido ndiyo ya kwanza kuguswa.

Mtazamaji mgeni akitaja swali lilelile ambalo mwanafunzi alitaka aulizwe, mikato ifungwe, isiguswe tena. Hapo ndipo aanze sauti, muziki na rangi, kwa mpangilio huo.